Mabati Yaliyokwisha Nyeshewa

Mliniacha juu ya ukuta.

Aliyenisoma Jumamosi iliyopita anakumbuka. Nilikuwa nimekaa juu ya ukuta wa nyumba yangu hapa Bondeni, mjini Nakuru, mvua inanipiga kichwani, udongo niliokandika kwa mikono yangu unatiririka kama uji, na nyumba haina paa. Nimeshuka. Lakini msifurahi upesi.

Kwa anayeanza leo nitasema kwa ufupi, maana aibu ikisimuliwa yote mara ya pili inauma upya.

Mimi ni Khaemba, mpakuzi wa mizigo stesheni. Nampenda Naliaka, binti wa mjane mmoja wa Elburgon, kule kwenye viwanda vya mbao. Siku tuliyopeleka mahari, baba yake mdogo aliniuliza swali dogo tu: "Binti yetu atalala wapi?"

Ningejibu kwa neno moja, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mimi nina ulimi, na ulimi wangu haukai chini watu wanapotazama. Nikasimama mbele ya wazee, wanawake, na nusu ya wafanyakazi wa kiwanda, nikatoa hili:

Kuezeka kwa majani, ni kuvaa bila shati,
Mvua iingie ndani, walia huna bahati,
Naliaka wangu shani, nakuapia kwa dhati,
Nyumbayo huko Bondeni, itang'aa kwa mabati.

Watu wakashangilia. Baba mdogo hakushangilia.

"Maneno mazuri," akasema. "Basi kabla ya Pasaka tutawatuma wanawake wetu waje wayaone hayo mabati. Wakiyaona, harusi ipo. Wasipoyaona, tunaye nyapara mmoja hapa kiwandani. Mashairi hajui, lakini paa analo."

Siku hiyo bati moja lilikuwa shilingi tisa. Nilipozipata tisa zangu, likawa kumi na moja. Nikajinyima, nikafika kumi na moja, kumbe lenyewe limekwisha ondoka hapo. Nilikuwa kama mtu anayekimbiza gari la moshi kwa miguu. Nikifika stesheni, naonyeshwa moshi.

Na si mabati peke yake. Misumari ilipanda. Sukari ilipanda. Sabuni, mafuta ya taa, unga, hata uzi wa kushonea kifungo. Nyasi tu ndizo zilizokuwa bado za bure, na nyasi manispaa haitaki kuziona mjini kwa sababu ya moto. Tena mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha zitukana.

Sasa tuendelee.

*

Jumatatu nilikwenda kwa Premji, mwenye duka la vyuma. Duka lilikuwa limejaa watu. Nikapita katikati yao.

"Nataka mabati."

"Mabati hakuna, bwana."

"Hakuna vipi? Ijumaa nimepakua behewa zima kwa mabega haya. Yaliandikwa jina la duka lako."

"Yalifika, ndiyo. Ni ya mzungu wa Dundori. Anajenga banda la ng'ombe."

"Ng'ombe walale chini ya mabati, mimi nilale chini ya mvua?"

"Ng'ombe wake wanalipa kabla ya kulala," akasema Premji.

Watu wakacheka. Nikahisi masikio yakinichemka. Nikamwonyesha mabati machache yaliyoegemezwa ukutani nyuma yake.

"Na yale?"

"Yale yapo. Kumi na tatu kila moja."

"Juzi yalikuwa kumi na moja!"

"Juzi ni juzi. Husikii habari? Kuna vita Korea. Chuma chote kimekwenda huko kuwa mizinga."

"Mimi sijagombana na mtu wa Korea."

"Hata mimi sijagombana naye. Lakini tunamlipia wote wawili."

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikapiga meza.

"Huu ni wizi! Jamani, semeni wenyewe, huu si wizi?"

Premji akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumi na nne," akasema.

"Umesema kumi na tatu sasa hivi!"

"Hiyo ilikuwa kabla hujaniita mwizi."

Mama mmoja aliyeshika chupa ya mafuta ya taa akanisukuma mgongoni. "Kijana, toka haraka, tafadhali. Kabla mafuta nayo hayajapanda."

Nikatoka. Nje nilimkuta Omolo, mpakuzi mwenzangu, ameegemea nguzo. Alikuwa amesikia yote.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "sisi wengine bei inapandishwa na Korea. Wewe inapandishwa na ulimi wako."

"Wanawake wa Elburgon wanakuja Jumamosi."

"Najua. Kila mtu stesheni anajua. Umewaambia wewe."

"Nimekwisha, Omolo."

"Bado. Unamjua mzee Kosgei, mwenye mkokoteni wa punda? Yule anayezunguka mashambani akinunua ngozi? Jana niliona kitu chini ya magunia yake. Hakikuwa ngozi. Ngozi hailii kang'ang'a ikigongwa na jiwe."

*

Mzee Kosgei tulimkuta karibu na reli, anamnywesha punda maji. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama anayalipia ushuru. Akafunua magunia.

Mabati. Ya zamani, yenye kutu hapa na pale, lakini mazima. Moja lilikuwa limekatwa pengo la mviringo ukingoni, mahali palipopita bomba la moshi. Na misumari ya zamani ilikuwa bado imening'inia kwenye matundu yake, kila mmoja umevishwa kifuniko cha chupa ya soda ili maji yasipenye.

"Shilingi nane," akasema Kosgei.

Nikajifanya sikusikia.

"Ni ya wizi?"

"Mimi mzee mzima nibebe wizi mchana? Mwenyewe ni mtu wa heshima. Ameyang'oa kwa hiari yake. Aliniomba kitu kimoja tu, nisitaje jina lake."

"Ni mtu wa wapi?"

"Upande wa juu."

Upande wa juu ni Njoro, ni Elburgon, ni Molo, ni nusu ya nchi. Mtu mwenye akili angeuliza zaidi. Mimi nilikuwa naangalia mabati tu, nayaona yamekwisha panda juu ya kuta zangu, na Naliaka amesimama mlangoni.

Tena nilikuwa nacheka.

"Omolo," nikasema, "mtu anayeng'oa paa lake akaliuza, huyo ni nani?"

"Mlevi," akasema Omolo.

"Mlevi wa kabisa. Mwaka huu kanywa paa, mwakani atakunywa milango." Na papo hapo nikaimba:

Mlevi kauza paa, anyeshewe kama mbuzi!

Omolo akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee Kosgei hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani akiingia kwenye shamba la mahindi.

"Kijana," akasema, "ningekuwa wewe, ningeyabeba kimya."

Sikumsikiliza. Mimi ni lini nimebeba kitu kimya?

*

Tuliezeka Alhamisi na Ijumaa, baada ya kazi. Misumari mipya haikukamatika, kwa hiyo nikainyoosha ile ya zamani, nikaipigilia kila mmoja kwenye tundu lake na kifuniko chake. Upande wa juu nikaupaka rangi nyekundu. Kwa ndani sikupaka. Rangi nayo imepanda, na nani atalala chali kukagua paa la mwenzake?

Ijumaa jua likizama, bati la mwisho likakaa. Omolo akapiga mluzi. Jirani mmoja aliyekuwa akinicheka tangu mwezi wa kwanza akapita bila kuniangalia, na hilo lilikuwa tamu kuliko chakula.

Kwetu nyumba ikipata paa haiachwi peke yake. Mwenyewe anaingia siku hiyo hiyo, anawasha moto, analala humo, hata kama mlango haujapatikana. Asipofanya hivyo, nyumba inahesabiwa gofu. Kwa hiyo niliwasha moto wangu, nikatandika gunia langu, nikalala.

Nililala usingizi mzuri kuliko wote niliowahi kulala tangu nitoke kwetu.

Ukumbukeni usingizi huo. Ndio ulioniharibia.

*

Wanawake walishuka kwenye gari la moshi Jumamosi asubuhi, wamevaa vitambaa vya kichwani vya kwenda kanisani. Mbele yao alikuwa shangazi Nasimiyu, dada wa marehemu baba yake Naliaka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Naliaka alikuwa nyuma, macho chini kama ilivyo desturi, lakini niliona anatabasamu.

Walipoona paa jekundu, wakapiga vigelegele kutoka barabarani.

Shangazi Nasimiyu hakupiga. Alizunguka nyumba. Akagonga ukuta kwa ngumi. Akanusa.

"Mkwe, hii nyumba ina mabati kweli, au ni shairi limepakwa rangi?"

"Ingia ndani ujionee, shangazi."

Akaingia, na wengine wote wakamfuata. Nikawapa chai. Akaionja, akaishusha.

"Chai yako haina sukari."

"Sukari imekwenda Korea, shangazi."

Hapo alicheka. Wote wakacheka, na kila mmoja akaanza kulia juu ya bei yake. Mmoja alisema kipande cha sabuni sasa anakigawa kwa kisu kama nyama. Mwingine alisema mumewe ameambiwa anywe uji mweupe, na akitaka utamu aende akakae na nyuki.

"Na haya," shangazi akanyoosha kidole juu, "uliyapata wapi wakati huu ambapo hata msumari haushikiki?"

Ningesema kweli. Ilikuwa kweli nyepesi, isiyo na haya. Lakini wote walikuwa wananitazama.

"Mombasa," nikasema. "Mapya. Nimeyapakua mwenyewe kwenye behewa."

"Mombasa!" wakasema wanawake.

Naliaka alikuwa ameinua uso. Alitazama bati moja, lile la juu ya mahali nilipolala, akalitazama tena, na tabasamu lake likaondoka kidogo kidogo.

Akaweka kikombe chini, akatoka nje.

Nikamfuata nyuma ya nyumba.

"Kuna nini?"

"Mombasa wana mbuzi asiye na mkia?" akauliza.

"Mbuzi gani?"

"Yule wa kutu. Pale juu. Ana pembe mbili, ana miguu, mkia hana. Humwoni?"

"Naliaka, unaumwa?"

"Nilimtazama siku zote nilizougua surua, nikiwa mdogo. Nilikuwa namhesabia miguu." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Na vile vifuniko vya soda ni mimi niliyeviokota. Baba hakuweza kununua washa za misumari, akaniambia nimwokotee vifuniko kantini ya kiwanda. Khaemba, hilo ni paa la nyumba yetu. Ni paa la mama."

Nikataka kucheka. Nikashindwa.

"Mama yako yuko kwake, Elburgon. Na paa lake."

"Mama analala jikoni. Ameyang'oa mabati tangu mwezi uliopita. Amewaambia watu wote kwamba anataka kuweka mapya. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba ameyauza, na hata mimi hakuniambia ameyauza kwa nani."

"Ameyauza kwa nini?"

Akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Baba mdogo alisema mtu aliyejisifu mbele ya kiwanda kizima hawezi kupikiwa sufuria moja ya ugali. Alisema karamu ya harusi yako lazima itoshe kinywa chako. Mchele, sukari, unga wa mandazi, mafuta. Kila mama akienda dukani, bei imebadilika. Akauza kuku, hawakutosha. Akatazama juu."

Mlevi kauza paa, anyeshewe kama mbuzi. Mstari ule ulinirudia kichwani, na sauti ilikuwa yangu.

"Jikoni kwake kumeezekwa nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Nyasi."

*

Mnaosoma na si wa kwetu, nivumilieni nieleze.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali pamoja. Akimwona njiani, anapita kando. Maneno yao hupelekwa na mtu mwingine. Yote hayo ni heshima. Na kulala chini ya paa la mama mkwe ni jambo ambalo hata mlevi hulikumbuka akiwa mtaroni. Aliyelala, harusi yake inasimama. Wazee wanaitwa, kuna kutakaswa, kuna maneno mengi, na mara nyingi binti hakivuki tena kizingiti kile.

"Jana ulilala humu?" Naliaka akauliza.

"Desturi. Nyumba mpya haiachwi."

Akafunika mdomo kwa mkono.

"Lakini sikiliza," nikasema haraka. "Wazee wetu walipoweka miiko hiyo hawakuyajua mabati. Paa lao lilikuwa nyasi, likioza linaoza pale pale na nyumba yake. Hiki ni chuma, Naliaka. Kilitoka ng'ambo, kikapita kwa mama, kikapita kwa Kosgei, kikaja kwangu. Chuma hakina mama mkwe."

"Mama amezaa watoto wanne chini ya chuma hicho. Baba amefia chini yake. Sasa unataka na mimi nije nizae chini yake, nikimtazama mbuzi yule yule?"

Nikaanza kuelekea mlangoni.

"Basi nitasema kweli," nikasema. "Naingia sasa hivi nawaambia."

Akanishika shati. "Ukisema, umemvua nguo mama mbele ya wifi zake. Shangazi Nasimiyu akijua mama ameuza paa la kaka yake marehemu kama mtu anayeuza kuni, hawatakaa meza moja tena mpaka kufa."

"Nisiposema?"

"Mimi silali humu."

"Sasa nifanye nini?"

"Wewe ndiye mwenye maneno," akasema Naliaka, akaniachia shati.

Akageuka kwenda, kisha akasimama.

"Kitu kingine. Mama yuko hapa. Tumekuja naye. Tumemwacha kwa watu wa kanisa, ile nyumba ya ng'ambo ya barabara. Alisema atakutazamia nyumba yako kwa mbali tu."

*

Mvua ya Nakuru haibishi hodi. Ilishuka kutoka mlima Menengai, ikavuka mji, ikapiga paa langu kama mawe. Ndani, wanawake walipiga makofi kwa furaha.

"Sikieni hiyo!" shangazi Nasimiyu akapaza sauti. "Hata tone! Hata tone moja haliingii! Jamani, mwiteni wifi yangu aje aone. Nyumbani hataingia, ni sawa, lakini upenu si nyumba. Asimame upenuni asikie mabati ya binti yake."

Mmoja akakimbia kabla sijapata la kusema. Naliaka akanitazama. Nikatazama chini.

Mama mkwe wangu alivuka barabara amejifunika gunia kichwani. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu kiasi kile, maana siku zote nilipita kando kama inavyotakiwa. Alikuwa mwembamba. Aliingia uani, akatembea mpaka hatua chache kutoka upenuni, akasimama.

"Njoo hapa, wifi!" shangazi akamwita kutoka mlangoni. "Unaloa bure."

"Hapa panatosha."

"Upenu si nyumba!"

"Najua. Hapa panatosha."

Maji yalikuwa yanapita miguuni pake. Aliinua macho mpaka kwenye pembe ya paa, kwenye lile bati lenye pengo la bomba la moshi. Nyumba yangu haina bomba la moshi. Akalitazama lile pengo muda mrefu. Sauti ya mvua juu ya mabati yale alikuwa ameisikia miaka mingi kabla yangu.

Alijua. Nami nikajua kwamba amejua. Naye hakusogea, wala hakusema, maana akisema amejianika mwenyewe, na akikanyaga chini ya paa lile amekubali kwamba si lake tena, ni la mkwe wake.

"Mkwe!" Shangazi Nasimiyu alikuwa amechangamka kabisa. "Lile shairi lako! Litoe sasa hivi, mama yake alisikie huku analiona!"

Wanawake wakanisukuma mlangoni. Omolo, aliyekuwa amekuja kula mandazi, akapiga makofi. "Litoe, omera!"

Nikafungua mdomo.

"Kuezeka kwa majani..."

Nikamwona amesimama kwenye mvua. Mwanamke aliyelala chini ya majani ili watu wangu waje kula wali.

"Kuezeka kwa majani..."

"Umesahau?" mtu akauliza. Wakacheka.

Sikuwa nimesahau. Ila kwa mara ya kwanza tangu nijue kusema, maneno yangu mwenyewe yalinigomea kooni.

Nikageuka. Nikachukua nyundo. Nikachukua ngazi.

"Unakwenda wapi?" akauliza shangazi.

"Linavuja."

"Wapi? Hapa pakavu!"

"Linavuja, shangazi."

Nikatoka nje, nikaegemeza ngazi, nikapanda. Rangi nyekundu ilikuwa bado mbichi, ikanitia mikono damu ya uongo. Shauri langu lilikuwa hili. Nitasema nimefunga vibaya. Nitasema mabati ya Mombasa ni mabovu. Nitayang'oa moja moja mbele yao wote, nyumba ibaki wazi, wacheke, warudi na gari la moshi la jioni wakamwambie baba mdogo kwamba yule mwimbaji hana paa. Nyapara atafurahi. Lakini hakuna atakayeuliza mabati yalitoka wapi, na yule mama ataondoka uani kwangu na nguo zake mwilini.

Najivuna, ndiyo. Siku hiyo nilijivuna kwa kitu ambacho sikutaka mtu akione.

Nikaingiza meno ya nyundo chini ya msumari wa kwanza, nikavuta. Ukalia, ukatoka. Kifuniko cha soda kikaruka, kikateleza juu ya bati, kikaanguka kwenye tope, karibu kabisa na miguu ya mama mkwe wangu.

"Omera!" Omolo akapiga kelele kutoka chini. "Umeingiwa na nini? Shuka!"

Naliaka alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Mama yake aliinama. Akaokota kile kifuniko, akakifuta tope kwa ncha ya leso yake, akakishika kiganjani. Halafu akalishusha gunia kutoka kichwani, akainua uso, akanitazama moja kwa moja, mimi mkwe wake ambaye hakupaswa hata kunitaja jina.

"Si hilo," akasema.

Nikashika nyundo hewani.

"Anza na lile lenye pengo. Misumari yake ni mifupi. Marehemu alikosa mirefu siku ile."

Ndani ya nyumba, wanawake walishusha vikombe.

Shangazi Nasimiyu akatoka kwenye mvua, bila kujifunika kichwa. Alimwangalia wifi yake, akaangalia kifuniko kilichokuwa mkononi mwake, akaniangalia mimi kule juu na mikono yangu myekundu, akamrudia wifi yake.

"Wifi," akasema polepole, "misumari ya nyumba hii wewe umeijulia wapi?"